Simu imesasishwa, barua pepe za ofisi zimegoma: usifute akaunti kwanza

Swali: Habari za kazi, fundi. Nina ofisi ndogo ya kupandisha wageni mlimani, hapa Moshi. Juzi usiku simu yangu ya Android iliniomba kusasisha mfumo, nikakubali, nikalala. Kuamka asubuhi, barua pepe za ofisi, zile za info@ zenye jina la kampuni yetu, haziingii. Inasema haiwezi kuthibitisha jina au nenosiri, na mara nyingine inalalamika kuhusu cheti. Gmail yangu binafsi inapokea lakini kimya, mpaka niifungue mwenyewe. Nikijaribu kuwajibu wageni, ujumbe unabaki kwenye foleni. WhatsApp inakwenda vizuri, kwa hiyo intaneti ipo. Fundi wa hapa mtaani anasema tufute akaunti tuiweke upya, ikishindikana tuiformat simu, yaani tufute kila kitu. Nimruhusu?

Jibu: Salama dada, na pole. Mgeni anayeuliza bei ya njia ya Machame akikaa siku mbili bila kujibiwa hasubiri, anaandikia kampuni ya pili, kwa hiyo haraka yako naielewa. Lakini jibu la swali lako la mwisho ni hapana. Asiguse akaunti ya ofisi, wala asiformat simu, mpaka ujue barua zako zimekaa wapi. Mengine yote nitakayokueleza hapa, ukikosea unarudi nyuma unaanza tena. Ukishafuta, hakuna pa kurudi.

Iko hivi. Simu huchukua barua kwenye seva, yaani kompyuta inayotunza barua zenu, kwa njia mbili. POP ndiyo ya zamani: simu inafanya kama mtu aliyekwenda posta, akafungua sanduku lake, akabeba barua zote nyumbani. Kwa IMAP barua zinabaki posta, wewe unazisomea hukohuko, na simu tatu na kompyuta mbili zote zinaona sanduku lilelile. Akaunti ya IMAP ukiifuta kwenye simu na kuiweka tena, barua zinarudi zenyewe, unachopoteza ni muda na bando. Akaunti ya POP ukiifuta, ulichokuwa umekibeba nyumbani kinaondoka nayo.

Na kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. POP inaweza kuwekwa iache nakala kwenye seva, na mara nyingi huwa hivyo, kwa hiyo fundi atakwambia "usijali, nakala zipo". Zipo, ndiyo, lakini ni za barua zilizoingia. Zile ulizotuma wewe, yaani bei ulizompa mgeni, makubaliano ya malipo ya awali, tarehe mlizopatana, kwa POP hubaki ndani ya simu au kompyuta iliyozituma. Mgeni akifika na kusema "uliniandikia chakula kimo ndani ya bei", huna pa kuangalia.

Kujua uko upande gani ni kazi ya dakika chache. Fungua programu unayosomea info@, ingia kwenye mipangilio yake, gusa akaunti ya ofisi, shuka chini hadi mipangilio ya seva ya barua zinazoingia. Usibadilishe kitu, soma tu. Ukikuta poti, yaani namba ya mlango wa seva, 993 au 143, hiyo ni IMAP. Ukikuta 995 au 110, hiyo ni POP. Mara nyingi hata jina la seva linajitaja lenyewe, linaanza na imap au pop. Piga picha ya ukurasa huo kabla ya kutoka, utaihitaji baadaye.

Ukaguzi wa pili ni wa webmail, yaani kuingia kwenye info@ kwa kivinjari, bila programu yoyote ya barua. Kampuni iliyowahifadhia tovuti iliwapa anwani yake; kwa wengi wanaotumia cPanel, ule ukurasa wa kusimamia tovuti na barua, ni jina la tovuti yenu likifuatiwa na /webmail, au na :2096. Ingia kwa anwani nzima ya info@ na nenosiri lake. Hapo utapata majibu mawili kwa mpigo. Kwanza, kama nenosiri linakubali pale, basi sanduku ni zima na nenosiri ni sahihi, tatizo liko kati ya simu na seva. Kama linakataliwa hata pale, usipoteze muda na simu: nenosiri limebadilishwa na mwenzako, au akaunti imefungwa. Na kama ukurasa wenyewe haufunguki, uliza kama jina la .co.tz limelipiwa mwaka huu, maana hilo hulipiwa kila mwaka na wenye ofisi ndogo hulisahau kuliko kodi ya pango. Pili, ukiwa humo ndani, linganisha. Fungua kabrasha la zilizotumwa. Kama zile ulizotuma mwezi uliopita kwa simu unaziona na pale pia, usingizi ni wako. Kama pale ni patupu na kwenye simu zimejaa, umeona mwenyewe kwa nini nilikataa.

Ukigundua ni POP, usiifute. Weka programu ya pili ya barua pepe pembeni yake na uingize info@ humo kwa IMAP. Mimi hupendelea Thunderbird ya Android, ni ya bure, na ndiyo iliyozaliwa kutokana na programu ya K-9 Mail mwaka 2024. Ile ya zamani iache kama ghala. Barua muhimu zilizomo, zifungue mojamoja, chagua kuchapisha, halafu badala ya printa chagua kuhifadhi kama PDF. Inachosha, lakini zile za msimu ujao tu zikiokolewa, umeokoka.

Hata kama ni IMAP, mbinu hii ya programu ya pili naipenda. Ikifanya kazi, ujue seva haina neno na simu haina neno, kasoro iko kwenye programu ya zamani au mipangilio yake. Ikigoma kwa kosa lilelile, kufuta na kuweka upya ile ya kwanza kusingesaidia chochote.

Sasa tuje kwenye WhatsApp yako. Hicho si kipimo, dada. Sasisho la mfumo ni zito, si ajabu likapita gigabaiti moja, na kama simu haikuwa kwenye Wi-Fi limekula bando la kawaida usiku kucha. Kilichobaki kinaweza kuwa lile bando la mitandao ya kijamii peke yake. WhatsApp inapita, Facebook inapita, barua pepe imefungiwa nje. Fungua kivinjari, nenda kwenye tovuti ambayo hujaitembelea karibuni. Isipofunguka, angalia salio la bando kabla ya kumlaumu mtu. Na kwa kuwa simu zetu ni za laini mbili, angalia pia ni laini ipi imewekwa kuwa ya data; simu ikishajizima na kuwaka yenyewe, si mara moja nimekuta data imehamia kwenye laini isiyo na bando.

Hili likiwa sawa, kumbuka kwamba umenitajia matatizo matatu, na yametokea siku moja ndiyo maana yanaonekana kama moja. Fundi anayetaka kuyamaliza yote kwa kufuta hajayatenganisha.

La Gmail kuingia kimya ndilo jepesi, na ndilo kweli la sasisho. Barua zinafika, simu ndiyo haikwambii. Simu za Android hulaza programu ambazo mfumo unadhani huzitumii, ili kuokoa betri. Jambo hilo lilianza na Android 6 mwaka 2015, na kila toleo limekaza zaidi. Baada ya sasisho, ile ruhusa uliyokuwa umeipa Gmail ifanye kazi hata skrini ikiwa imezimwa inaweza kurudi ilivyokuwa simu ilipotoka dukani. Ingia kwenye Mipangilio, au Settings kama simu yako iko kwa Kiingereza, kisha Programu, kisha Gmail. Humo gusa Betri, uchague isiwekewe kizuizi. Rudi nyuma, gusa Arifa, uone kama zimewashwa, tena ushuke hadi aina za arifa, maana unaweza kukuta swichi kubwa imewashwa na ile ya barua mpya imezimwa. Kwenye Samsung kuna orodha ya programu zilizolazwa ndani ya sehemu ya betri. Itoe Gmail humo kama imo. Kwenye Tecno na Infinix angalia pia Phone Master, kisafishaji kinachokuja na simu, ambacho kwa hamu yake ya kusafisha hufunga hata vile unavyovihitaji. Kwenye Redmi kuna ruhusa ya programu kujiwasha yenyewe, iwashe.

Kisha ingia ndani ya Gmail yenyewe, mipangilio, akaunti yako. Kuna sehemu ya arifa yenye chaguo la zote, za muhimu sana tu, au hakuna. Ikikaa kwenye za muhimu sana, Gmail ndiyo inayoamua nani ni muhimu, na mgeni anayekuandikia kwa mara ya kwanza huenda asiwemo. Hapohapo hakikisha usawazishaji wa Gmail umewekewa tiki. Kiokoa Data nacho, kile cha tangu Android 7, kikiwa kimewashwa huzuia barua kuingia mpaka ufungue programu. Ndivyo hasa ulivyonieleza, kwa hiyo hapo ningeanzia.

Tena usikimbilie kuiondoa Gmail na kuiweka upya. Tangu Android 13 ya mwaka 2022, programu inayowekwa upya lazima iombe ruhusa ya kuleta arifa. Ukiwa na haraka ukagusa kidude cha kukataa, umejinyamazisha mwenyewe kuliko mwanzo.

La ofisi ndilo zito. Ujumbe unaouona una mambo mawili tofauti, la nenosiri na la cheti, na programu za barua hupenda kuyachanganya. Anza na cheti, yaani kitambulisho cha seva, kwa sababu ndicho kinachofungua mlango. Nenosiri linaulizwa ukishaingia barazani.

Kabla ya lolote tazama saa na tarehe ya simu. Kila cheti cha seva kina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Simu iliyowaka baada ya sasisho ikiwa na tarehe ya mwaka juzi itakikataa cheti kizima kabisa, itasema bado hakijaanza. Washa kupanga tarehe na saa kiotomatiki, zima simu, iwashe.

Tarehe ikiwa sawa, tazama jina la seva kwenye ile picha uliyopiga. Hapa ndipo kampuni ndogo zenye tovuti kwenye seva ya kuchangia hukwama. Akaunti iliwekwa miaka iliyopita na jina la mail. likifuatiwa na jina la kampuni yenu, lakini cheti kilichoko kwenye seva kimeandikwa jina la seva ya kampuni inayowahifadhia. Majina mawili hayafanani, simu inasema huyu si yule. Zamani mafundi walikuwa na njia ya mkato: programu nyingi za barua za Android zilikuwa na aina ya usalama iliyoandikwa "kubali vyeti vyote", wakaichagua hiyo, mambo yakaenda. Ilikuwa sawa na kuiambia simu imwamini yeyote anayejiita seva yenu. Ukiwa kwenye Wi-Fi ya hoteli au ya uwanja wa ndege, mtu aliyekaa katikati anaweza kulipokea nenosiri lako. Ukiikuta chaguo hiyo mahali popote, usiirudishe, hata kama inaondoa kosa papo hapo. Dawa ni kuandika jina la seva lililomo ndani ya cheti, nalo utalipata kwa kampuni inayowahifadhia, au kwenye cPanel yenu, sehemu ya akaunti za barua, palipoandikwa jinsi ya kuunganisha vifaa.

Kuna uwezekano wa tatu, na huu kweli unaletwa na sasisho. Mazungumzo ya simu na seva hufungwa kwa kufuli la TLS. Matoleo ya kwanza, 1.0 ya mwaka 1999 na 1.1 ya mwaka 2006, yalitangazwa rasmi mwezi Machi 2021 kwamba yasitumike tena. Android 15, iliyotoka mwaka 2024, huyakataa kabisa kwa programu zilizotengenezwa kwa ajili yake. Kama seva yenu ni ya zamani na haijui 1.2 wala 1.3, simu yako mpya na seva hiyo hazina lugha ya pamoja. Hapo hakuna mipangilio ya simu itakayokuokoa. Seva ndiyo isasishwe, na kama kampuni inayowahifadhia inakwambia urudishe simu kwenye Android ya zamani, tafuta kampuni nyingine.

Lakini usilione sasisho kuwa na hatia kabla ya kupima. Ofisini yupo mwenzako mwenye info@ kwenye simu ambayo haijasasishwa? Muulize zake zinaingia. Kama na zake zimekatika, sasisho lako limesingiziwa. Vyeti vingi vya seva siku hizi ni vya Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure, vya siku 90, vinajihuisha vyenyewe. Siku kujihuisha kukigoma, kila mtu anafungiwa nje, na aliyesasisha simu usiku ule anadhani ni yeye. Wanaokataa kusasisha nao hawajapona: simu za chini ya Android 7.1.1 hazikitambui cheti mama cha Let's Encrypt kinachotumika sasa, na zinalalamika kwa maneno hayohayo unayoyaona wewe.

Sasa nenosiri. Usilirudie rudie. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona ofisi nzima ikizimika kwa ajili yake. Seva nyingi zina mlinzi anayehesabu waliokosea kuingia. Wakizidi, anaifunga anwani ya IP waliyotokea, yaani namba inayoitambulisha intaneti yao. Ofisini mnatumia Wi-Fi moja, kwa hiyo mbele ya seva nyote ni mtu mmoja. Simu moja ikiwa na nenosiri la zamani inajaribu yenyewe kila baada ya dakika kumi na tano, usiku na mchana, haichoki. Mlinzi anafunga, na kompyuta ya mhasibu ambayo haijaguswa nayo inakatika. Kipimo chake ni rahisi: zima Wi-Fi, jaribu kwa bando. Ikiingia kwa bando na kugoma kwa Wi-Fi, mmefungiwa IP, na kuandika nenosiri tena kunazidisha kifungo.

Kama info@ yenu haiko kwenye cPanel bali iko kwa Google au Microsoft, habari ni nyingine. Hao wameacha kupokea jina na nenosiri tupu kutoka kwenye programu za zamani. Google ilifunga kwa akaunti binafsi tarehe 30 Mei 2022, Microsoft ikaanza kufunga kwa akaunti za kampuni tarehe 1 Oktoba 2022, na za Outlook.com zikafuata Septemba 2024. Unapoongeza akaunti chagua Google au Exchange moja kwa moja kwenye orodha, ukurasa wao wa kuingilia utafunguka, uingie hapo. Usichague "nyingine" ukaandika seva kwa mkono. Programu isiyoujua ukurasa huo, kwa Google unaweza kuitengenezea nenosiri la programu lenye herufi 16, baada ya kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili. Ukibadilisha nenosiri kuu, hayo ya programu yanafutika yote, utengeneze mengine.

La tatu ni foleni. Kutuma kuna seva yake, SMTP, yenye mipangilio yake, na ndiyo maana mtu anaweza kupokea vizuri na asitume hata herufi. Palipoandikwa aina ya usalama, poti 587 inakwenda na STARTTLS, 465 inakwenda na SSL/TLS. Ukizichanganya, simu inazunguka tu bila kukupa kosa linaloeleweka. Poti 25 iache, watoa huduma wengi wa intaneti wameifunga kwa sababu ya barua taka. Angalia kwamba palipoandikwa seva inahitaji kuingia pana tiki, na jina la mtumiaji ni anwani nzima, si neno info peke yake.

Halafu itazame barua iliyo mbele kwenye foleni. Kama umemwambatanishia mgeni kijitabu cha safari chenye picha za Kibo, kinaweza kuwa ndicho kilichoziba. Gmail inakuruhusu kutuma viambatisho mpaka megabaiti 25, seva za kampuni ndogo mara nyingi chini ya hapo, na kiambatisho kikisafiri kwa barua pepe huongezeka uzito kwa karibu theluthi moja. Faili la megabaiti 20 kwenye simu yako linafika kwenye seva likiwa na kama 27. Nakili maandishi yake pembeni, itoe kwenye foleni, tuma barua fupi isiyo na kiambatisho. Ikipita, umempata mkosaji. Kijitabu kitumie kama kiungo cha Google Drive. Ukiona na Gmail yako binafsi haitumi, angalia nafasi: zile gigabaiti 15 za bure zinagawanywa kati ya barua, Drive na Picha, na zikijaa hutumi wala hupokei.

Mwenye iPhone anayesoma hapa asijione ameachwa. Kuanzia iOS 18 ya mwaka 2024 mipangilio ya barua imehamia ndani ya Settings, Apps, Mail, ndiyo maana wengi wanasema imepotea. Toleo la 18.2 likaanza kugawa barua kwa makundi, na zinazotafutwa zimelala kwenye kundi la pili au la tatu. Na kama sehemu ya kuchukua barua imewekwa kiotomatiki, simu huchukua kwa nyuma ikiwa tu iko kwenye chaji na kwenye Wi-Fi. Chagua kila dakika 15.

Kuhusu kuformat, nitasema machache. Hakuna hata kosa moja kati ya hayo yako ambalo kuformat kunalitibu na njia nyepesi isilitibu. Kuna madhara mawili ambayo fundi hakukutajia. Simu za Android tangu 5.1 zikiformatiwa kupitia njia ya vitufe hudai akaunti ya Google iliyokuwemo. Usipokumbuka nenosiri lake, umebaki na kioo cha kujitazamia. Na akishamaliza atakuomba nenosiri la info@ ili aiweke. Usimwandikie kwenye karatasi wala kumtumia kwa WhatsApp. Andika mwenyewe kwa vidole vyako.

Inatokea pia, mara chache, kwamba kosa ni la sasisho lenyewe. Machi 2021 sehemu ya mfumo iitwayo Android System WebView ilitoka na hitilafu, Gmail na programu nyingine zikawa zinajifunga duniani kote. Dawa ikawa kuisasisha hiyo na Chrome kwenye Play Store, wakati watu walikuwa wameshafuta simu zao. Kwa hiyo kabla ya kulala leo sasisha Gmail, Chrome na WebView, ukiwa kwenye Wi-Fi. Ikibidi kusafisha Gmail, futa akiba (cache) tu. Kufuta data yake kunaondoka na rasimu na foleni ambazo hazijafika kwenye seva.

Kesho asubuhi waandikie wanaowahifadhia tovuti. Ukiandika "email haifanyi kazi" watakujibu uzime simu uwashe. Andika hivi: "Barua ya info@ inafunguka kwenye webmail lakini simu inakataa tangu tarehe fulani, kosa ni hili kwenye picha. Naomba jina la seva ya IMAP na ya SMTP kama lilivyo kwenye cheti, poti na aina ya usalama kwa kila moja, kama seva inakubali TLS 1.2 au zaidi, cheti kinaisha lini, na kama IP yetu imefungiwa." IP utaipata kwa kuandika "what is my IP" kwenye Google ukiwa kwenye Wi-Fi ya ofisi. Wakikujibu kwamba mmefungiwa, usiwaruhusu wafungue papo hapo. Pita kwanza kila simu na kompyuta ya ofisi, pamoja na ile simu ya zamani iliyoko kwenye droo, uzime usawazishaji wa info@ popote penye nenosiri la zamani, ndipo uwaambie wafungue. La sivyo mtafungiwa tena kabla hujamaliza chai ya saa nne.